Aliyeitwa Mama Feza

Siku niliyosikia mdogo wangu akiitwa kwa jina langu, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la dispansere, miguu imevimba mpaka viatu nimeviacha nyumbani, mikono inatetemeka juu ya magoti. Benchi lilijaa watu. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa amevuta kikwembe chake kisiguse changu, na simlaumu, nilikuwa ninanuka. Muganga akachungulia mlangoni akaita, "Mama Feza!"

Nikainuka. Kuinuka ilikuwa kazi siku zile. Nikashika ukuta, nikavuta mguu mmoja, nikavuta wa pili.

"Hapana weye, mama," akasema. "Weye ni mugonjwa, kaa kwanza. Minye niko naita Mama Feza, ule mwenye alikuleta."

Riziki, mdogo wangu wa tumbo moja, akapita mbele yangu kichwa ameinamisha, akaingia kumweleza muganga habari za mwili wangu. Na mimi, niliyemzaa Feza kwa uchungu wa usiku na mchana, nikarudi kwenye benchi kama mzigo uliosahauliwa na kamyo. Haki ya Mungu, kama ningekuwa na nguvu siku ile, ningemvua kikwembe mbele ya wagonjwa wote.

Naandika haya sasa kwa sababu ule ubaya umepita, na kwa sababu najua leo kuna mwingine amekaa kwenye benchi kama lile. Habari za ini na damu waulize waganga, wao ndio waliosoma. Mimi nitakuambia habari za wivu. Hakuna aliyenionya juu yake, na ulikaribia kunimaliza kuliko kanyanga yenyewe, ile pombe kali ya kupikwa nyumbani.

Kwetu Uvira, kando ya ziwa karibu na Burundi, mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linawekwa kando. Wazazi wangu waliniita Mwavita. Feza alipozaliwa, karibu na mwaka wa uhuru, nikawa Mama Feza, na mume wangu akawa Baba Feza. Katika avenyu yetu, mtaa wetu pale Rugenge, hakuna aliyeniita tena Mwavita. Nadhani nusu yao hawakulijua jina hilo. Riziki yeye aliolewa akarudishwa nyumbani kwa baba kwa kuwa hakuzaa, basi akabaki Riziki tu, mtu mzima anaitwa jina la kisichana. Nilimwonea huruma. Nakubali pia kwamba huruma ile ilikuwa tamu.

Wakati wa wazungu, kanyanga ilipikwa kwa kujificha. Uhuru ulipofika watu walisema, sasa kila mtu apike anachotaka. Nikajenga mtambo wangu nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Mume wangu alikuwa mvuvi, na mwezi ukiwa mkubwa ndagala hazipatikani, kwa hiyo kanyanga ndiyo iliyotulisha. Ilikuwa safi, watu walitoka mpaka Kalundu kuifuata. Mpaka leo nikisema hivyo, moyo unapanda kidogo. Mungu anisamehe.

Lakini kwetu humpi mtu kinywaji bila kuonja mbele yake. Anayetoa ndiye anayeanza, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Wakati wa amani unalowesha midomo tu, unafuta, unampa mtu chupa yake. Kisha uasi ukaja. Waasi walishuka kutoka milimani na hawakumwamini mtu. Kijana ana mkuki mkononi, macho mekundu, anakuambia, "Mama, kunywa. Ongeza. Tena." Unakunywa, utafanya nini? Baadaye askari wa serikali wakarudi, waasi wakakimbilia milima ya Fizi, na Baba Feza akaenda nao. Mpaka leo sijui alikolala. Askari nao wakaja na kiu yao na mashaka yao. "Kunywa weye kwanza, muke wa mwasi." Nikanywa.

Siku moja hakuja mteja hata mmoja, na mimi nikaonja.

Sina haja ya kukupeleka katika kila shimo nililoanguka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nitakuambia tu kwamba uso wangu ulijaa maji, nywele zilikuwa zinatoka kwenye kichana, na nilianza kuamka mahali ambapo sikulala. Feza alikuwa mdogo, na Riziki ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Kuna wakati hata Riziki mwenyewe alipotea majuma kadhaa. Jirani yetu Mama Rebeka akamchukua mtoto, na nilipouliza nikaambiwa mdogo wangu amevuka kwenda Bujumbura kumtembelea shangazi. Nilikasirika mno. Mimi hapa ninakufa, yeye anakula raha mjini! Aliporudi, hata mwendo wake ulikuwa umebadilika, anatembea kwa kujitupa upande, kama mwanamke anayejua kwamba watu wanamtazama. Nikasema moyoni, Bujumbura imemfundisha maringo.

Na ndipo, sijui ni lini hasa, avenyu nzima ikaanza kumwita Mama Feza. Siku ile ya dispansere ndiyo niliyolisikia jina hilo kichwa kikiwa na akili kidogo.

Muganga alimwambia Riziki kwamba dawa yangu haiko katika kabati lake. Alimweleza habari za nyumba moja katika bonde la Ruzizi, karibu na Mutarule, ambako wanawake kama mimi walikaa pamoja. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Riziki akanipandisha kwenye kamyo ya mihogo, akanifunika turubai, akakaa nami mpaka tukafika. Sikumsemesha njia nzima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la pamba la zamani. Wenye pamba walikimbia fujo, mabati yakabaki, watu wakapaita Depo. Mama Damari, mjane wa katekista, aliyekuwa mlevi yeye mwenyewe, ndiye aliyeomba ruhusa kwa chifu na kuweka mikeka mahali palipokuwa na marobota. Pamba ilikuwa bado imekwama katika nyufa za ukuta, unaamka ukiwa nayo kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti nzito, hana haraka.

"Jina yako?" akaniuliza mlangoni.

"Mama Feza."

"Feza iko hapa?"

"Hapana."

"Basi hapa hakuna Mama Feza. Huku hatuitane mama wa nani ao muke wa nani. Wazazi wako walikuita nani?"

Sikulitaja. Nimeletwa na mwizi wa jina langu, na sasa huyu naye ananivua lile nililobakiwa nalo! Siku nzima waliniita "weye wa ku mulango", na niliitika kwa kuguna. Jioni baridi iliponipata nikasema, "Mwavita." Lilinitoka kama kitu cha mtu mwingine.

Wiki zile za kwanza nilitetemeka mpaka meno yakauma. Niliona siafu wakipanda ukutani ambako hakukuwa na siafu. Nililowesha mkeka kwa jasho, na kwa mengine nisiyopenda kuyasema. Aliyenishika ni mwanamke aliyeitwa Yunisi, mwenyeji wa Mutarule, aliyekuwa pale tangu kiangazi. Aliniosha, alinimenyea muwa, akaniwekea vipande mdomoni kimoja kimoja. Ukiwa na mgonjwa wako anayetoka katika pombe, mpe muwa. Mwili unalia sukari. Ule muwa ulikuwa rehema ya kwanza niliyoionja kwa muda mrefu.

Na bado nilimchukia Yunisi. Watoto wake watatu walikuja kila Jumapili baada ya misa, wamebeba ndizi kichwani, wakamkalia mapajani wote kwa mpigo, mkubwa na mdogo, wakimwita mama, mama, mama. Mimi niligeuza uso ukutani. Nilimwombea mabaya, nasema kweli. Niliomba mvua inyeshe Jumapili, mto ufurike, watoto wasipite. Asubuhi ya Jumatatu alikuja tena kunisafisha, na mimi nikamnyooshea mkono bila kumwangalia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Depo hawakungoja hata nipone sawasawa. Nilianza kwa kufagia, kisha nikapelekwa shambani kwenye mihogo. Jikoni hupelekwi mpaka wenzako wakuamini, kwa sababu jikoni kuna kisu, moto na chakula cha wote. Yunisi alipelekwa jikoni. Mimi nikaona na hilo ni tusi langu.

Jioni, kabla giza halijaingia vizuri, tulikaa duara uani. Kila mtu aliweza kumwambia mwenzake neno analoliona kwake, hata kali. Aliyeambiwa hakuruhusiwa kujibu mpaka kesho yake. Hujui uzito wa sheria hiyo mpaka ikukute. Mimi ni mwanamke wa mdomo, nilizoea kulipa papo hapo na chenji juu. Kulala na neno la mtu tumboni, bila chupa ya kulisukuma! Siku ya kwanza Yunisi aliniambia, "Mwavita, weye unakula sawa mutu mwenye banamuibia. Unaangalia sahani za wenzako mbele ya yako." Nilikesha nikitunga majibu. Asubuhi yalikuwa yameharibika yote, hakuna lililofaa kusemwa.

Mvua zikaisha. Kiangazi kilipofika, miguu yangu ilinywea, na siku moja nikiwa naosha miguu shambani nikaona fundo la mguu, mfupa wangu mwenyewe, ambao nilikuwa sijauona kwa muda mrefu. Nikakaa chini kuutazama. Damu ya mwezi ikarudi. Nywele zikaanza kuota laini kama za kichanga. Nilitamani sana Feza anione hivyo. Nikatuma salamu Rugenge.

Walikuja wakati miwa inakatwa bondeni na moshi umetanda. Riziki ametangulia na ule mwendo wake wa kujitupa, Feza nyuma, gauni la rangi ya machungwa, viatu. Amekua! Ana shingo yangu na macho ya baba yake. Nilikuwa nimeoga mara mbili asubuhi ile.

"Salimia," Riziki akamwambia.

Mtoto akanyoosha mkono, akapiga goti kidogo kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Jambo, mama mukubwa."

Mama mkubwa ni dada wa mama yako. Ni jina la heshima, na hakuna mtu angeweza kumlaumu mtoto. Kwetu hata mama mdogo ni mama, ukienda kushitaki watakucheka: unalalamika nini, mtoto wako ana mama wawili! Lakini mimi nilisikia kitu kinakatika hapa chini ya titi. Damu ikanipanda kichwani.

"Mama mukubwa ya nani?" nikapiga kelele. "Riziki! Unamufundisha nini mutoto yangu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Weye ulizaa lini?"

Wanawake wote wa Depo walisikia. Feza alikuwa amejificha katika kikwembe cha Riziki, ameshika kwa mikono yote miwili. Riziki akaweka chini kikapu cha ndagala alizoniletea, akasema, "Yaya, kaa muzuri," yaani mkubwa wangu, kwaheri, wakaondoka. Nikabaki natazama mgongo wa mtoto wangu mpaka moshi wa miwa ukawafunika.

Jioni ile katika duara Mama Damari alisema neno moja tu. "Mwavita, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana." Akageuka, akazungumza na mwingine habari za mihogo.

Sikuruhusiwa kujibu, na nilitaka kanyanga siku hiyo kuliko siku yoyote niliyokuwa Depo. Nilijua nyumba moja Mutarule wanakopika, harufu yake ilinifikia upepo ukigeuka. Nikashika nguzo ya mlango. Yunisi akaja akakaa karibu nami, akaanza kuchambua maharage. Nikachambua naye. Tulichambua mpaka hakukuwa na mawe tena, tukachambua tena.

Kesho yake nikajibu mbele ya wote. "Niko na wivu," nikasema. "Niko na wivu na Yunisi kwa watoto wake. Niko na wivu na mudogo wangu kwa mutoto wangu, kwa gauni alimununulia, kwa jina, kwa ile kutembea yake. Niko na wivu mpaka nasikia kutapika."

Nilingoja wanihukumu. Yunisi akaangua kicheko, kicheko kizuri cha tumboni. "Minye nilifikiri unachukia ndizi zangu!" Hata Mama Damari alifunika mdomo. Kisha akasema, "Hapa wivu haiko zambi. Useme tu kila siku, sawa mutu mwenye homa anasema niko na homa. Ukifichama nayo, utaishia ku chupa."

Basi nikawa nausema. Mvua za pili zilinikuta nausema kila jioni, mpaka wenzangu wakawa wananiuliza kwa utani, "Mwavita, leo unaonea nani wivu?" Leo mwenye mwavuli. Leo Yunisi, kwa kuwa amerudi kwa watoto wake na ameniachia jikoni. Nikatwanga majani ya mihogo, sombe ya watu wote, nikashika kisu, hakuna aliyeogopa. Siku moja mtu aliita "Mwavita!" kutoka shambani na mimi nikaitika kabla sijafikiri. Nikasimama na mchi mkononi. Nilikuwa nimekuwa mtu huyo bila kujijua, mwanamke ambaye hana mtoto katika jina, hana mume, hana kanyanga ya sifa, na anaitika. Alinitisha kidogo.

Mama Damari alipoona nimekomaa akanitafutia chumba Kavimvira, kwa ndugu yake, karibu na mpaka, nipikie bugali na maharage wabeba mizigo wanaovuka Burundi. Siku ya kuagana akaniuliza, "Unaenda kufanya nini kwanza?"

"Kuchukua mutoto wangu na jina yangu."

"Vyote mbili?"

"Vyote mbili."

"Haya," akasema. "Enda na mikono mitupu, usiende na hasira."

Nilienda nayo. Nilifika Rugenge asubuhi, jua bado si kali. Riziki alikuwa ameketi uani kwa baba, anachagua ndagala juu ya mkeka, akitenganisha zilizovunjika. Feza alikuwa amekwenda kisimani. Nikasalimia, nikakataa kiti.

"Nimekuja kuchukua Feza."

"Ni wako, yaya. Minye nilikuwa namuchunga tu."

Alisema polepole, bila ubishi, na huko kukubali kwake kukanichoma zaidi. Mtu amekuja na panga, wewe unampa kiti! Nikatafuta mahali pengine pa kupigia. "Na jina? Nani alikupa ile jina?"

Mikono yake ikasimama juu ya ndagala.

"Waaskari," akasema.

Sikuelewa. Ndipo akaniambia, bila kuinua macho, kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa kwenye mkeka.

"Ile siku askari wengine, si wale wa kunywa kwako, balikuja kutafuta Mama Feza, muke wa mwasi, mwenye aliuzisha waasi kanyanga. Hawakujua sura yako, balijua tu jina. Weye ulikuwa unalala kule nyuma, ku mtambo. Nilikuita, yaya. Nilikumwangia maji. Haukuamuka. Kiisha bakamuuliza Feza: mama yako iko wapi? Alikuwa mudogo. Akanionyesha minye." Akaweka ndagala moja kando. "Nikasema, ndiyo, ni minye."

"Na Bujumbura?"

"Sikufika Bujumbura. Balinifunga. Balinipiga hapa." Akagusa nyonga, ule upande aliokuwa anautupa akitembea. "Niliporudi, Mama Rebeka akaambia avenyu yote: huyu tangu leo ni Mama Feza, hakuna mutu kumuita Riziki, wale wakisikia watarudi kutafuta mwenyewe. Weye hatukukuambia. Weye wakati ule ungesema ku kila chupa."

Nikakaa. Nilikaa chini palepale, juu ya ndagala.

Ungedhani wivu ulinitoka. Mimi pia ningependa kukuandikia hivyo. Lakini nimekuahidi ukweli, na ukweli ni kwamba ulikuja wote kwa pamoja, mkubwa kuliko wakati wowote. Mtoto wangu aliulizwa mama yako yuko wapi, akaonyesha kidole, na kidole hakikuja kwangu. Na aliyeonyeshwa hakusema hapana.

"Zilikuwa zangu," nikasema.

"Nini?"

"Zile fimbo. Zilikuwa zangu, Riziki. Hata zile ulichukua!"

Akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Yaya! Weye haiko muzima! Hata fimbo unazionea wivu?" Na mimi nikacheka, kamasi zinanitoka, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Tulishikana juu ya mkeka ule tukanuka samaki wote wawili. Nilimwomba msamaha kwa neno lile la Depo, la kuzaa. Akasema alilisikia mpaka nyumbani, usiku alilisikia, na kwamba atalisahau lakini bado.

Feza akarudi na maji. Riziki akamwambia kwamba ataenda kukaa Kavimvira na mimi, akaingia ndani kukunja nguo zake mwenyewe. Gauni la machungwa aliliweka juu. Mtoto alilia, alishika mlango, na mimi nilisimama uani kama mgeni, sikujua niweke wapi mikono. Riziki ndiye aliyemwinamia, akamfuta uso, akamwambia neno sikioni ambalo mpaka leo sijui ni lipi na nimejikataza kuuliza.

Tulitoka wote watatu mpaka barabarani. Mama Rebeka alikuwa mlangoni pake anapepeta mchele. Akauona mzigo wa nguo.

"Mama Feza," akamwambia Riziki, "mutoto anaenda wapi?"

Riziki akashika mkono wa Feza, akauweka katika wangu.

"Anaenda na mama yake."

Alisema kwa sauti, avenyu isikie. Mama Rebeka akaacha kupepeta. Akanitazama kuanzia miguuni, miguu yangu mikavu, mpaka kichwani.

"Ni muzuri," akasema. "Na huyu sasa tutamuita nani? Ba Mama Feza watakuwa wawili?"

Nilikuwa nimelijia jina lile kutoka bondeni. Nililiota. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamwangalia Riziki, amesimama ameegemea ule upande mzima, mikono mitupu, anangoja arudishwe kuwa msichana.

"Mama Feza ni huyu," nikasema. "Minye muniite Mwavita."

Sasa ninakaa Kavimvira na Feza. Bado ninasikia harufu ya kanyanga wabeba mizigo wakipita nayo, na bado Jumapili ya kwanza ya kila mwezi napanda kamyo kwenda Depo kukaa duara. Wanaoanza wananiuliza kama wivu unaisha. Nawaambia wasiungoje uishe, wataota mvi. Waseme tu.

Jumapili zingine Feza anakwenda Rugenge, anarudi jioni. Juzi alirudi amesukwa nywele, mistari myembamba imenyooka kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, kazi ya siku nzima. Mimi siwezi kusuka hivyo. Alijizungusha mbele yangu, kikwembe kidogo kinapepea.

"Angalia, mama! Mama amenisuka!"

Vidole vyangu viliwasha kuzifumua. Nikamwita karibu, nikampitisha mkono kichwani, mstari mmoja mmoja.

"Amekusuka muzuri," nikamwambia.

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Nikaenda kuwasha moto wa bugali.